Israeli Katika Maandiko Matakatifu: Unabii Si Ramli

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei wa maparokia ya kandokando ya Ziwa Viktoria, Mwanza)



Ndugu viongozi wa walei, makatekista na wajumbe wa Haki na Amani. Vita vilivyoanza Oktoba 2023 katika Nchi Takatifu vimeingia hata ndani ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Vilitugusa kwa karibu: vijana wawili wa Kitanzania, waliokwenda Israeli kujifunza kilimo kwa vitendo, waliuawa kufuatia shambulio la tarehe 7 mwezi huo. Kisha Wapalestina kwa makumi ya maelfu, watoto wengi wakiwamo, waliuawa huko Gaza. Tarehe 17 Julai 2025 kanisa la Familia Takatifu, parokia pekee ya Kikatoliki Gaza, lilipigwa katika shambulio la jeshi la Israeli, na watu watatu wakafariki dunia. Hata hivyo wako wahubiri wanaosema: "Msihuzunike, unabii unatimia." Waumini wanatuuliza kama ndivyo Biblia inavyofundisha. Ni wajibu wetu kuwajibu.

1. Israeli ni nani?

Jina hili lilikuwa kwanza la mtu mmoja, Yakobo, alilopewa baada ya kushindana usiku kucha kwenye kivuko cha Yaboki (Mwanzo 32). Baadaye likawa jina la makabila kumi na mawili. Baada ya Mfalme Sulemani likabaki jina la ufalme wa kaskazini, ulioangushwa na Waashuru yapata mwaka 722 kabla ya Kristo. Tena likawa jina la taifa zima la waamini, hata wale waliorudi kutoka uhamishoni Babeli. Dola ya Israeli tunayoisikia redioni ilitangazwa tarehe 14 Mei 1948; nayo ina raia Wayahudi, na Waarabu Waislamu na Wakristo pia. Basi anayekutana na neno "Israeli" katika Maandiko aulize kwanza: ni Israeli ipi inayosemwa hapa? Kuchukua aya ya Ezekieli na kuibandika juu ya taarifa ya habari ni kuruka karne ishirini na tano kwa hatua moja.

2. Alama mbili: shamba na mti

Isaya, sura ya 5, anaifananisha nyumba ya Israeli na shamba la mizabibu lililolimwa, likaondolewa mawe na kujengewa mnara. Mwenye shamba alingoja zabibu nzuri, akavuna za mwitu. Katika Kiebrania nabii anatumia maneno ambayo sauti zake hukaribiana: Mungu alitazamia mishpat, yaani haki, akaona mispah, umwagaji wa damu, alitazamia tsedaqah, uadilifu, akasikia tseaqah, kilio cha mwenye kuonewa. Mara anawakemea wanaounganisha nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba hata maskini akakosa pa kukaa. Kuteuliwa na Mungu, basi, ni mzigo wa haki. Hakumpi mteule ruhusa ya kumwonea jirani. Naye Amosi (9:7) anawaambia Waisraeli kwamba mbele za Mungu wao ni kama Wakushi, watu wa Afrika; na kwamba Mungu aliyewatoa wao Misri aliwatoa pia Wafilisti na Waaramu walikokuwa. Mungu wa Israeli hana taifa asilolijali.

Alama ya pili ni mzeituni wa Warumi 11. Ninyi mnaopanda machungwa mnajua kubebesha miche: kikonyo cha mchungwa mtamu hubebeshwa juu ya shina la mlimao. Paulo anageuza kazi hiyo: tawi la mwitu linabebeshwa juu ya shina bora, na mwenyewe anakiri kuwa ni kinyume cha asili. Tawi la mwitu ni sisi mataifa. Shina ni Israeli ya mababu, manabii na Bikira Maria. Tawi lisijivune, maana haliubebi mzizi, bali mzizi ndio unaolibeba. Kwa sababu hiyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba Wayahudi wasionyeshwe kana kwamba wamekataliwa au kulaaniwa na Mungu, na kwamba kifo cha Kristo kisitwikwe Wayahudi wote. Anayewachukia Wayahudi anaukata mzizi unaombeba.

3. Unabii si ramli

Huku kwetu Kanda ya Ziwa tunaijua ramli. Mtu akifiwa, huenda kwa mpiga ramli. Naye humtaja adui. Vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka mingi. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo. Ramli hutafuta mtu wa kulaumiwa, na mwisho wake ni damu.

Nabii wa Biblia hafanyi hivyo. Kwanza humwonyesha msikilizaji dhambi yake mwenyewe, kama Nathani alivyomwonyesha Daudi. Hata anapotabiri maangamizi, nia yake ni watu watubu ili maangamizi yasije; Ninawi ilitubu, ikaokoka. Pili, neno lake lina kina. Hosea (11:1) alipomtaja mwana aliyeitwa kutoka Misri, alikuwa akikumbuka safari ya Musa. Mathayo (2:15) analiona neno lile likijaa ndani ya Mtoto Yesu aliyekimbizwa Misri. Vivyo hivyo katika Ufunuo 7, Yohane anasikia hesabu ya 144,000 kutoka makabila ya Israeli: kumi na mbili mara kumi na mbili, mara elfu. Akitazama, anaona umati usiohesabika wa kila taifa. Hesabu ile ni alama ya utimilifu. Haituonyeshi nani afe na nani apone.

4. Nchi na wenyeji wake

Wengine husema: "Lakini nchi aliahidiwa Ibrahimu." Ni kweli, ahadi imeandikwa. Lakini imeandikwa pia (Walawi 25:23) kwamba nchi ni ya Mungu, na wakaao humo ni wageni wake. Na (Walawi 19:34) kwamba mgeni apendwe kama mzalendo. Historia ya Afrika Mashariki inatufundisha jambo hilohilo. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwatolea viongozi wa Kizayuni, waliokuwa wakitafuta kimbilio la Wayahudi walioteswa Ulaya, ardhi ya Uasin Gishu, ng'ambo ya ziwa letu, nchini Kenya ya leo. Mwaka 1905 mkutano wao mkuu uliikataa. Mateso yale yalikuwa ya kweli. Lakini Wanandi na Wamasai hawakuulizwa. Hakuna nchi tupu. Kila ahadi ya ardhi ina jirani anayepaswa kusikilizwa.

5. Tufanye nini?

Yesu alipouona mji wa Yerusalemu aliulilia (Luka 19:41). Alitabiri kuanguka kwake, na bado alilia. Anayetangaza unabii kwa shangwe juu ya maiti hajajifunza kwake. Baba Mtakatifu Fransisko, karibu kila jioni mpaka siku zake za mwisho mwaka 2025, aliwapigia simu waumini wa Gaza akiuliza hali yao na kama wamekula. Nasi tuwaombee Wayahudi na Wapalestina kwa sala moja, na tuwafariji waliofiwa wa pande zote.

Mungu wa amani awe nanyi.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika mahubiri na mazungumzo yetu, tunasoma unabii ili tutubu, au ili tumpate adui?
2. Isaya akipita leo katika mialo yetu na mashamba yetu, angesikia kilio cha nani?
3. Jumuiya yetu itamlindaje kikongwe au mwenye ualbino anayenyoshewa kidole?