Chuo Kilichoanzia Mtaa wa Lumumba



Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kilianza hapa jirani na Kariakoo, Mtaa wa Lumumba, katika jengo la TANU. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Mlimani kilihamia mwaka 1964. Masomo yalitangulia, majengo yakafuata.

Limeletwa pendekezo kwamba michango yetu ijenge lango jipya. Lango ni zuri, lakini humo ndani wanafunzi wanne wanagawana kitabu kimoja. Naomba fedha hizo zianzie maktaba.

Nanyi wanafunzi, kitabu kikifika, kisomeni hadi kichakae.