Mboga Upande wa Kivuli
(Maneno tuliyosema mbele ya vikundi vya kujisaidia, Kaikor)

Asanteni kwa kukubali tukae hapa chini ya mti, maana leo mti wenyewe ndio mwalimu.

Mnaikumbuka bustani yetu ya kwanza. Tulifyeka mahali pa wazi, tukazungusha ua wa miiba, tukapanda sukuma wiki. Miche ilishika vizuri. Kufika wiki ya tatu majani yameungua kando kama karatasi, na akina mama bado wanabeba mitungi ya lita 20 asubuhi na jioni. Basi tukahamia chini ya mwarobaini, kabisa kwenye shina. Huko nako mboga ilirefuka tu, nyembamba, rangi ya manjano. Mwarobaini una kivuli kizito, na mizizi yake hunywa maji kabla ya mboga kuyaonja. Mara mbili tumeshindwa, na mbegu zilinunuliwa kwa pesa za kikundi. Wengine walitaka kuacha, na hatuwalaumu.

Kosa letu lilikuwa wapi? Jua la asubuhi mboga inalitaka. Linaloiumiza ni lile la kuanzia saa sita mpaka saa kumi. Saa hizo jua linaelekea magharibi, kwa hiyo kivuli kinaangukia mashariki ya mti. Vitanda viwe huko mashariki, mbali kidogo na shina. Hapana haja ya kipimo cha kununua: saa nane mtu achore kwa fimbo pale kivuli kinapofika, na saa kumi achore tena. Sisi tuko karibu na Ikweta, kaskazini kidogo, kwa hiyo kivuli cha adhuhuri huegemea kusini mwezi wa Juni na kaskazini mwezi wa Desemba. Anayechora leo, arudie baada ya miezi michache kabla ya kupanua bustani.

Mti gani? Ewoi ndio bora. Majani yake ni madogo, mwanga unapenya, na maganda yake ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi. Etirae, ile wengine wanaiita mathenge, tusiitegemee. Inasambaa haraka na miiba yake inaumiza watu na mifugo. Mwaka 2006 watu wa Baringo walimpeleka mbuzi asiye na meno mpaka mahakamani Nairobi kuonyesha hasara ya mti huo! Mnacheka, lakini yule mbuzi hakucheka.

Kitanda tusikiinue kama wanavyofanya kwenye mvua nyingi. Chimbeni kishuke kama futi moja, changanyeni udongo na mbolea ya mbuzi iliyooza vizuri (ile mbichi huchoma miche), kisha mfunike na nyasi kavu. Maji yanakaa, upepo hauyachukui. Mchwa wakiingia kwenye nyasi, ondoeni nyasi hizo. Mwagilieni jioni. Mkiona unga mweupe juu ya udongo, hiyo ni chumvi: kwanguni na kutupa nje. Sukuma wiki na spinachi zikae ndani ya kivuli; kunde na mchicha zinapenda jua, ziwe pembeni.

Sasa jambo gumu. Mti una mwenyewe. Ikiwa uko katika ekwar ya familia fulani, hatuchimbi mpaka tumekaa na wazee wa familia hiyo, na mboga ya kwanza iende nyumbani kwao. Pia kuna swali ambalo mtu alituuliza bila kuficha: gunia la makaa linaleta pesa leo, mboga itangoje wiki sita au nane, mtoto ale nini? Swali ni la haki. Lakini siku ewoi inapoanguka, bustani inaungua wiki hiyo hiyo, na mbuzi wanakosa maganda. Tuliuona ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zikikosa msimu baada ya msimu. Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kiweke akiba kidogo kwa ajili ya mwanachama aliyebanwa, asilazimike kushika shoka.

Alhamisi tutachora kivuli cha mti ule wa karibu na kisima, kama mwenyewe atakubali. Njooni saa saba na nusu, mkija na fimbo na majembe. Atakayechelewa atakuta kivuli kimeshahama.