KALAMU NA JEMBE
Mazungumzo juu ya kitabu cha Utubora Mkulima, yaliyosomwa mbele ya wanachama mjini Lushoto



Nimetakiwa na Halmashauri nizungumze nanyi habari za kitabu kimoja chenye kumfaa karani. Nimechagua Utubora Mkulima, riwaya ya marehemu Shaaban Robert, iliyopigwa chapa mwaka 1968. Nimekichagua kwa sababu mtu asifiwaye ndani yake ni karani, na jambo alilolitenda ni lile ambalo wengi wetu hulinong'ona alasiri, wakati majalada yangalipo mezani, wala hatulitendi.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Utubora aliacha kazi ya ukarani mjini, akaenda shamba mahali paitwapo Busutamu, akashika jembe. Hakwenda kwa kukosa kazi, bali kwa kuchagua. Jambo hilo ni dogo kulisema, lakini ni zito kulitenda.

Lipimeni kwa desturi yetu. Katika milima hii ya Usambara mzazi huuza viazi, kabichi na maharagwe yake ili mtoto apate karo ya shule, na nia yake ni kwamba mtoto huyo asirudi tena kwenye jembe. Mtoto akipata kiti ofisini, nyumba nzima hushukuru. Je, siku atakaposema, "Baba, naacha kalamu, narudi shamba," ataonekanaje? Ataonekana amepotewa na akili. Basi mtungaji akampa mtu wake jina la Utubora, ili tujue kwamba ubora wa mtu hautoki katika kiti akaliacho.

Hata hivyo, naomba vijana wetu wasifunge kitabu wakaandika barua ya kuacha kazi usiku uleule. Siku hizi husemwa sana, "Fuata ndoto yako." Maneno hayo ni mazuri, ila hayatoshi. Tumtazame mtungaji mwenyewe. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Mwaka 1926 aliingia kazi ya Serikali katika Idara ya Forodha. Baadaye alihudumu katika Idara ya Wanyama, katika ofisi ya Wilaya ya Tanga, na katika ofisi ya Upimaji. Alikuwa mtumishi kwa zaidi ya miaka thelathini. Yeye aliyemsifu karani mwenye kuacha ukarani, mwenyewe hakuuacha upesi.

Je, alisema asilolitenda? Mimi sioni hivyo. Nia ya moyo wake ilikuwa kutunga, na shamba lake lilikuwa karatasi. Mashairi yake yalisomwa katika Mambo Leo naye yungali karani wa forodha. Alifariki mwaka 1962, na kitabu hiki kilitoka miaka sita baada ya kifo chake. Alipanda, wengine tukavuna. Mwenye kudhani kuwa kufuata nia ya moyo ni kupata malipo mapema na aitafakari habari hiyo.

Wala hakuwa karani wa kwanza wa upande huu kuwa na nia kubwa. Bwana Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, alikwenda Uingereza mwaka 1931, akatuandikia kitabu cha mambo aliyoyaona. Kalamu ya ofisi haikumzuia.

Sasa nageukia jembe lenyewe. Busutamu ya kitabuni na mteremko wa Lushoto si kitu kimoja. Hapa shamba limelala juu ya ubavu wa mlima, na mvua ya masika hushusha udongo bondeni. Baada ya vita ile ile, Serikali ya kikoloni ilianza mpango huko Mlalo, ikawaamuru watu kulima matuta ili kuuzuia udongo. Kusudi la kuhifadhi ardhi halikuwa baya, lakini kazi ilikuwa nzito, amri ilikuwa kali, na watu waliichukia hata mpango ukavunjika kabla ya uhuru wa mwaka 1961. Tangu mwaka 1981 mradi mwingine ulifundisha kupanda miti na majani ya malisho kukingama mteremko. Mkulima aliyekubali alizuia udongo, tena akapata chakula cha ng'ombe wake.

Mabwana, lipo fundisho hapa. Jembe alilolichagua Utubora lilimpa heshima. Jembe la amri lilikuwa kwa watu wa Mlalo kama adhabu. Chuma ni kile kile, nia ndiyo iliyotofautiana. Na kalamu nayo ni hivyo hivyo. Karani aandikaye kwa kuogopa mkubwa wake tu analima matuta ya amri, hata akiwa amevaa tai.

Basi nampa shauri mwenye kutaka kumfuata Utubora. Kwanza, aanze leo na kipande kidogo, siku za mapumziko, mikono yake ipate sugu kabla ya kuandika barua. Pili, amwulize mkewe, au mama yake, au dada yake, ambaye amelilinda shamba miaka yote aliyokuwa ofisini. Huyo ndiye mwalimu wake, asimwendee kwa amri za kiofisi. Tatu, ajiulize kama anaipenda kazi anayoiendea, au anaichukia tu ile anayoiacha. Wahenga walisema: mchagua jembe si mkulima. Anayekimbia kazi moja kwa uchovu ataikimbia na ya pili.

Na yule ambaye baada ya kujipima ataona nafasi yake ni ofisini, asione haya. Mwananchi aliyeshuka kwa miguu kutoka kijijini kutafuta hati ya kiwanja chake, akipata jibu siku ile ile na kwa maneno ya adabu, amekutana na Utubora mezani.

Naomba Halmashauri inunue nakala mbili za kitabu hiki kwa ajili ya chumba chetu cha kusomea.