MASHINE YA BOTI ILIYOPANDA FUNGU

Leo tutazungumza juu ya mashine ya boti, ile inayofungwa nyuma, kwenye tezi. Kwa nini huchemka baada ya chombo kupanda fungu? Na tuitengeneze namna gani?

Kwanza, tuifikirie pwani yetu. Mto Ruvu huleta mchanga na matope, na maji ya Bagamoyo ni haba. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na mji. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu ya serikali yao Dar es Salaam, na sababu moja ilikuwa bandari yake yenye kina. Basi kukwama hapa si aibu. Hata nahodha hodari hukwama. Jambo kubwa ni lile atakalolifanya baada ya kukwama.

Sasa sikilizeni jinsi mashine inavyopozwa. Chini, karibu na rafadha, yaani pangaboi, pana matundu madogo. Maji ya bahari huingia hapo. Juu kidogo, ndani ya mguu wa mashine, mna pampu. Ndani ya pampu mna kigurudumu cha mpira chenye mapezi, ambacho mafundi hukiita impela. Hicho huyasukuma maji mpaka kichwani mwa mashine, yakachukua joto, kisha yakatoka. Maji kidogo huchuruzika kwa nyuma kutoka katika kijitundu. Chirizi hilo ndilo shahidi wako. Likitoka kwa nguvu, mashine inakunywa maji. Likikoma, mashine ina kiu.

Chombo kikikwama, wengi huongeza moto ili kijinasue. Hapo mashine huvuta mchanga badala ya maji. Mchanga huziba matundu na kuukwaruza mpira. Pampu ikizunguka kavu, mpira huungua kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Zima mashine mara moja. Iinue mguu wake.
2. Tazama maji. Yakiwa yanakupwa, watu washuke upesi, kama chini ni pagumu, wakisukume chombo kwa mikono na upondo. Yakiwa yanajaa, tia nanga usubiri.
3. Ondoa matope na majani kwenye matundu ya chini. Fungua uzi wowote wa mshipi uliojizungusha penye rafadha.
4. Pitisha waya mwembamba, taratibu, katika kijitundu cha chirizi.
5. Mkifika penye kina, shusha mguu, washa, uende polepole. Tazama chirizi.

Chirizi lisipotoka, zima tena. Usimwagie maji baridi mashine iliyochemka, kwani chuma kinaweza kupasuka. Iache ipoe. Twekeni tanga au shikeni makasia. Ndiyo maana nahodha mwenye busara haachi makasia, nanga na kamba nyumbani. Mashine ikifa na chombo hakina nanga, upepo ndio utakaokuwa nahodha, na watoto nyumbani watangoja bure.

Mkifika pwani, fundi afungue mguu wa mashine na kuitoa pampu. Atazame impela. Mapezi yakiwa yamekatika, yamepinda au yamekuwa magumu, aweke mpya. Vipande vilivyokatika vitafutwe vyote, maana kimoja kikibaki kitaziba njia ya maji juu. Atazame pia kikombe cha pampu. Kikiwa na mikwaruzo mingi, impela mpya haitadumu. Kisha afungulie mafuta ya giya. Yakitoka meupe kama maziwa, maji ya bahari yameingia, na mpira wa kuzuia maji penye mhimili wa rafadha lazima utazamwe.

Mwisho, tieni mguu wa mashine katika pipa la maji matamu, yafunike matundu yote. Iwashwe polepole kwa dakika 10, rafadha isizunguke. Mchanga na chumvi vitatoka. Tendeni hivyo kila mkirudi baharini, si siku ya kukwama tu. Impela ni kitu kidogo, lakini ikipuuzwa huua mashine nzima. Nunueni moja ya akiba.

Maneno ya kusoma na kuandika: fungu, rafadha, impela, chirizi, upondo.

Maswali:
1. Chirizi la maji linatuambia nini?
2. Kwa nini ni vibaya kuongeza moto chombo kikiwa kimekwama?
3. Hesabu: Chombo kimekwama saa 3 kabla ya maji kupwa kabisa. Maji yakirudi kwa mwendo uleule, kitaelea tena baada ya saa ngapi tangu kilipokwama?

Jibu la hesabu ni saa 6. Someni tena pamoja, na yule ajuaye amsaidie mwenzake.