Mfupa wa Nyonga: Hotuba ya Mahafali ya Wakunga

Mifupa ya nyonga ni miwili, mmoja kila upande wa kiuno. Mbele hukutana kwenye gegedu la kinena. Nyuma hushikana na sakramu, ambayo uti wa mgongo umekalia juu yake na kifandugu kiko chini yake. Wahitimu waliovaa majoho leo watautegemea mfupa huu kila zamu, wakiusoma kwa ncha za vidole.

Mtoto huzaliwa mfupa huu ukiwa bado vipande vitatu: iliamu juu, iskiamu chini kwa nyuma, pubisi mbele. Vyote hukutana katika kikombe kinachopokea kichwa cha fupa la paja, vikiunganishwa na gegedu lenye umbo la herufi Y. Gegedu hilo hugeuka mfupa katika ujana, kwa kawaida kufikia miaka 16 hivi, na kingo za mfupa huendelea kukomaa hata baada ya 20. Jambo hili lina uzito kuliko yote katika somo hili. Msichana huweza kushika mimba nyonga yake ikiwa haijapanuka vya kutosha. Uchungu ukikwama, kichwa cha mtoto hukibana kibofu kwenye pubisi saa baada ya saa mpaka nyama ife, na fistula hufuata.

Ukingo wa juu wa iliamu ndio unaoshikwa mtu anaposimama mikono kiunoni. Mstari unaounganisha vilele vya kingo hizo mbili hupita usawa wa pingili ya nne ya kiuno, na mtoa ganzi huufuata kabla ya upasuaji wa uzazi.

Iskiamu hubeba uzito wa anayeketi. Kwa mkunga, hata hivyo, thamani yake iko kwenye mwiba unaochomoza ndani. Kati ya miiba hiyo miwili kuna sentimita 10 hivi, na hapo ndipo njia ya mtoto ilipo nyembamba zaidi. Kichwa cha mtoto kikifika usawa wa miiba hiyo, kiwango cha kuteremka huandikwa sifuri.

Pubisi mbili hufanya tao, ambalo kwa mwanamke ni pana kuliko kwa mwanamume.

Mkunga akigusa miiba iliyochomoza mno au tao finyu, na kichwa hakiteremki ingawa uchungu ni mkali, asingoje zamu ibadilike. Rufaa iandikwe saa hiyo hiyo.