Usiku Bwenini, Kifaa cha Kusikia Kinalala Wapi?

Leo nataka tuongee na wale mnaovaa vifaa vya kusikia, ambavyo wengine huviita shimesikio na wengine mashine za sikio. Na wewe unayelala kitanda cha jirani yake usiende popote, maana nusu ya maneno haya ni yako.

Swali linaloulizwa sana ni hili: nikienda kulala, nivue au nilale nacho? Vua. Mchana kutwa sikio limezibwa, na usiku linahitaji kupata hewa. Ukiwa Tanga au Mtwara unalijua jasho la usiku. Likikaa nyuma ya ile plastiki ya sikioni, ngozi inalowa, inaanza kuwasha, mwisho inapata vidonda. Halafu ukilalia upande huo, sauti inavuja kutoka sikioni, inarudi kwenye kipaza sauti cha kifaa, na kifaa kinapiga filimbi. Pengine wewe huisikii, lakini wenzako wote wameshaamka! Kibaya zaidi, kikichomoka ukiwa umelala kitanda cha juu cha dabodeka, kinaangukia sakafu ya saruji, na asubuhi mtu anakikanyaga. Kwa familia nyingi hicho ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote ulivyokuja navyo shuleni.

Lakini najua kwa nini wengine hamvui. Taa zikizimwa ndipo hadithi zinapoanza, si ndiyo? Gizani midomo haionekani, kwa hiyo ukivua kifaa umepoteza kila kitu, unabaki unatazama dari huku wenzako wanacheka. Basi unakaa nacho mpaka usingizi unakuchukua. Silioni kosa lako hapo. Waombe wenzako wawashe tochi imulike uso wa anayesimulia, tena aongee mmoja mmoja. Macho yakianza kuwa mazito, hapo ndipo uvue. Na wewe rafiki yake, akikuuliza "wamesema nini?" usimjibu "aah, si muhimu." Mwambie, halafu aamue mwenyewe kama ni muhimu.

Kuvua kwenyewe ni kazi ya dakika tano. Kausha mikono, kaa kitandani, uvulie juu ya blanketi ili kikiponyoka kiangukie penye ulaini. Kifute kwa kitambaa laini kikavu. Usitumie maji, spiriti wala mafuta ya nywele. Nta ikiwa imeziba tundu, iondoe kwa brashi ndogo kavu, si kwa pini. Kama ni kile cha kuvaa nyuma ya sikio, kipande cha plastiki kilichochongwa kwa umbo la sikio lako unaweza kukiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ila kwanza kitenganishe na kifaa, na ukiache kikauke mpaka asubuhi. Tone moja la maji likibaki kwenye mrija, sauti haipiti. Kama hujawahi kuonyeshwa namna ya kukitenganisha, usivute kwa nguvu. Subiri uonyeshwe kliniki.

Kisha fungua kamlango ka betri na ukaache wazi usiku kucha. Hapo kifaa kinazimika, betri haiishi bure, na unyevu unatoka. Zile betri ndogo za duara zenye stika hufanya kazi kwa kutumia hewa: ukishabandua stika zimeanza kazi, na kuibandika tena hakusaidii kitu. Kwa hiyo usibandue mpaka siku ya kutumia, na ukibandua subiri dakika moja au mbili kabla ya kuitia. Vifaa vya kuchaji havifunguliwi, vyenyewe vinalala kwenye chaja yake.

Kikiwa tayari, kiweke kwenye kikopo chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya. Vinavuta unyevu, ila vikikaa sana hushiba na havivuti tena, kwa hiyo tafuta vingine. Kuna wanaofukia kifaa ndani ya mchele. Mimi siupendi mtindo huo, vumbi lake linaingia kwenye matundu. Wala usikianike juani au karibu na jiko. Kikopo kiwe na mahali pamoja kila siku, si chini ya mto wala kwenye mfuko wa sare. Jumamosi sare inaenda kwenye beseni la kufulia, na kifaa kitaenda nayo.

Betri zilizokwisha usizitupe ovyo, hasa ukiwa likizo nyumbani kwenye watoto wadogo. Mtoto akimeza betri, au akiiingiza puani au sikioni, inaweza kuchoma nyama ya ndani kwa saa chache tu. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, msingoje asubuhi.

Sasa jambo zito kuliko yote. Ukishavua, kengele ikilia wewe huisikii. Mwaka 2001 wanafunzi 67 walikufa bweni lilipoungua Shule ya Sekondari Kyanguli, Kenya. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa kwa moto bwenini Idodi, mkoani Iringa. Sisemi haya ili ulale na kifaa, maana hata ukiwa nacho, sikio la mtu aliyelala si la kutegemea. Mwambie matroni au mlezi wa bweni kwamba usiku husikii. Omba kitanda cha chini, karibu na mlango. Kisha chagua watu wawili wa kukuamsha. Nasema wawili kwa sababu mmoja anaweza kuwa amelazwa zahanati usiku huo. Wengine mnaona aibu kusema, lakini ninyi si wawili watatu: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya usikivu uliopungua.

Nanyi wawili mliochaguliwa, kumwita jina hakutoshi. Mtikiseni bega, mmulike mlango kwa tochi aone pa kwenda, mmshike mkono, mtoke naye. Kikopo kikiwa karibu akichukue. Kama hakionekani, kiacheni, kifaa kingine kitatafutwa. Kubalianeni alama moja ya kumaanisha "hatari, toka," kwa mfano kugonga bega mara tatu, na mwijaribu leo hii kabla ya kengele ya kulala.