Ufadhili wa chuo: andika uliyofanya

(MUZIKI UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Wazazi na ndugu zangu wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule kule Koboko. Leo naongea na vijana mliomaliza sekondari na sasa mko nyumbani tu.

Uko ufadhili unaoitwa DAFI. Ujerumani na UNHCR waliuanzisha mwaka 1992 kwa wakimbizi wanaotaka shahada ya kwanza. Hausafirishi mtu ng'ambo; unasoma hapa hapa Uganda. Nafasi ni chache, sisi ni wengi. Basi shika mambo matatu.

Kwanza, cheti. Kama ulisoma Kongo, peleka Diplôme d'État yako UNEB, Kampala, ilinganishwe na cheti cha Uganda. Huchukua muda, kwa hiyo usingoje tangazo. UNEB hutoza ada, dai risiti.

Pili, huangaliwa umewafanyia nini watu wako. "Napenda kusaidia jamii" kila mtu huandika. Wewe andika uliyofanya: ulifundisha watoto wangapi kusoma, kijiji gani, tangu lini. Kama huwatafsiria akina mama kwenye kituo cha afya, hiyo ni kazi, iandike. Mwombe mwenyekiti wa RWC barua ya kuthibitisha.

Tatu, kuomba DAFI ni bure. Mtu akitaka pesa akuwekee jina, mkatalie, kisha utoe taarifa ofisi ya UNHCR.

Na ninyi wazazi: binti akijaza fomu, wiki hiyo maji na kuni wachukue kaka zake.

(MUZIKI UNAPANDA)